Jinsi ya kutumia "if" na "would" kama wenye Kiingereza chao

Maswali ni yale yale kila mara. Kwa nini "If I would know" ni kosa wakati Kiswahili kinasema "ningejua" bila wasiwasi? "Would" na "would have" zinatofautianaje? Ile "I'd" ni "I would" au ni "I had"? Na kwa nini mtu aliyefaulu Kiingereza kidato cha nne anaganda kwenye usaili akiulizwa "What would you do if a customer shouted at you?"

Mwongozo huu ni wako ikiwa unasoma Kiingereza na kukielewa, lakini ukifika kwenye sentensi za masharti ulimi unakuwa mzito.

Shuleni pengine ulipewa aina ya sifuri, ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ziweke kando. Mtu wa London au Chicago hafungui mdomo akiwaza "sasa natumia aina ya pili". Anachofanya ni kimoja tu: jambo likiwa mbali na uhalisia, anakirudisha kitenzi nyuma hatua moja. Likiwa mbali zaidi, anakirudisha tena. Hatua zote zilizo hapa chini ni matumizi ya jambo hilo hilo.

Kinachotukwamisha sisi ni kwamba Kiswahili tumekijua vizuri. Tulifundishwa -nge- ikae na -nge-, -ngali- ikae na -ngali-, na aliyeandika "ningejua ningalikuja" alikatwa kwa wino mwekundu. Masikio yetu yamezoea pande mbili zinazolingana. Kiingereza kinataka kinyume chake: upande wa "if" na upande wa matokeo visivae nguo moja.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu. Kuandika kwa mkono kunakulazimisha uone kila kitenzi.
- Orodha ya vitenzi visivyofuata kanuni, katika maumbo yake matatu. Anza na hivi: be, was/were, been, have, had, had, go, went, gone, come, came, come, know, knew, known, see, saw, seen, tell, told, told, take, took, taken, do, did, done, buy, bought, bought, leave, left, left. Usipokuwa navyo kichwani, hatua ya 6 itakushinda hata ukiielewa.
- Sentensi kumi za Kiswahili ulizozisema mwenyewe siku hizi mbili tatu zenye -ki-, -sipo-, -nge- au -ngali-. Ziwe zako kweli, za nyumbani, kazini au kwenye daladala. Sentensi za kitabuni hazikai kichwani.
- Simu inayorekodi sauti.

Hatua ya 1. Kata sentensi vipande viwili

Chukua sentensi yako ya kwanza uitenge: sharti upande huu, matokeo upande ule. "Ukitaka cha mvunguni, sharti uiname." Kutaka cha mvunguni ndilo sharti, kuinama ndiyo matokeo. Weka herufi S juu ya kipande cha kwanza na M juu ya cha pili.

Katika Kiingereza "if" inakaa kwenye S peke yake, na "will" au "would" inakaa kwenye M peke yake. Ukishaandika hizo herufi mbili, nusu ya makosa yatajionyesha yenyewe.

Vipande vinaweza kupishana nafasi bila maana kubadilika. S ikitangulia, weka mkato katikati. M ikitangulia, mkato hauhitajiki.

Hatua ya 2. Ihoji -ki- yako

Hapa watu wengi wanapita mbio. Ile -ki- yetu inabeba maana mbili: "ikiwa" na "wakati". Kiingereza kinazitenga, na ukichagua vibaya unasema jambo ambalo hukukusudia.

Unaagana na mwenyeji wako usiku, unamwambia "nikifika nitakupigia". Ukisema "If I get home, I'll call you", umemwambia kwamba huna hakika kama utafika. Atakuuliza kama gari lina hitilafu. Ulitaka kusema:

"I'll call you when I get home."

Jiulize: jambo hili nina hakika litatokea, ninachosubiri ni muda tu? Tumia "when". Huenda litokee, huenda lisitokee? Tumia "if". "Akija mwambie" inaweza kuwa yoyote kati ya mbili, kutegemea kama mgeni ameahidi kuja au la. Kiswahili kinakuruhusu uache bila kufafanua. Kiingereza hakikuruhusu.

Kuna ndugu yao wa tatu, "in case". "Chukua mwavuli isije mvua ikanyesha" ni "Take an umbrella in case it rains": unauchukua sasa hivi, kabla hujajua lolote. Ukisema "Take an umbrella if it rains", mtu atasubiri mvua ianze ndipo aufuate.

Hatua ya 3. Pima umbali

Sasa uliza swali la pili: jambo hili liko wapi?

a) Linaweza kutokea.
b) Ni la kuwaza tu, kwa sasa sivyo lilivyo.
c) Limeshapita, halirudi.

Usitegemee -nge- ikuambie. Vitabu vya sarufi vinasema -nge- ni ya sasa na -ngali- ni ya wakati uliopita, lakini mtaani -nge- inabeba yote. Mtu amekaa kwenye harusi tangu saa mbili, chakula hakijaja, anamnong'oneza mwenzake, "Ningejua nisingekuja." Ameshakuja! Hiyo ni c), ingawa ametumia -nge-. Mwingine anasema, "Ningejua namba yake ningempigia," naye hajui namba hiyo mpaka sasa. Hiyo ni b).

Dawa yake ni ndogo: ongeza "sasa hivi" au "siku ile" kwenye sentensi ya Kiswahili, uone ipi inakubali. Andika a, b au c pembeni kabla hujagusa Kiingereza.

Hatua ya 4. Linalowezekana: kitenzi kikae pale pale

Kwa a), upande wa S unatumia wakati uliopo, na upande wa M unatumia "will".

"If it rains, we'll stay home." Mvua ikinyesha tutabaki nyumbani.

"If the bus is late, I'll take a taxi." Basi likichelewa nitachukua teksi.

Angalia "rains". Mvua ni ya kesho, lakini kitenzi ni cha leo. Kosa la hapa ni "If it will rain". Kiswahili chetu wenyewe hakisemi "kama mvua itanyesha nitabaki" kwa raha. Tunasema "ikinyesha", bila -ta-. Kwa hiyo hapa lugha mbili zinapatana, na huna kisingizio.

Upande wa M haulazimiki kuwa na "will". Unaweza kuwa amri: "If you see her, tell her to call me." Unaweza kuwa ruhusa: "If you're tired, you can go." Na kama ni jambo la siku zote, pande zote zinabaki kwenye wakati uliopo: "If I drink coffee at night, I don't sleep." Hiyo ndiyo tunayoisema "nikinywa kahawa usiku silali".

Kwa -sipo- una njia mbili. "Usipoziba ufa utajenga ukuta" inaweza kuwa "If you don't fix the crack, you'll have to build a wall", au "Unless you fix the crack, you'll have to build a wall". Neno "unless" limeshameza ukanushi wote. Ukisema "unless you don't fix", umekanusha mara mbili na maana imegeuka.

Hatua ya 5. La kuwaza: rudi nyuma hatua moja

Kwa b), upande wa S unavaa wakati uliopita, na upande wa M unavaa "would" pamoja na kitenzi kitupu.

"If I had money, I'd buy a plot." Ningekuwa na hela ningenunua kiwanja.

"If I knew her number, I'd call her." Ningejua namba yake ningempigia.

"Had" na "knew" hapa hazizungumzii jana. Zinazungumzia umbali. Kiingereza hakina kiambishi kama -nge-, kwa hiyo kinaazima umbo la wakati uliopita ili kusema "hili silo". Ukilikubali hilo bila kubishana nalo, umevuka mto.

Onyo, na hili ndilo kosa kubwa kuliko yote kwetu: "If I would have money, I would buy". Ni -nge- mbili zimehamia kwenye Kiingereza zikiwa zimeshikana mikono. Rudi kwenye herufi zako. "Would" ni ya M. Kama iko chini ya S, ifute.

Kitenzi "be" kina tabia yake. Kwa nafsi zote tumia "were": "If I were you, I'd take the job." Ni mabaki ya umbo la zamani lililokuwa maalumu kwa mambo ya kuwaza. Utawasikia wenyeji wengi wakisema "If I was", na hakuna atakayeshtuka. Hata hivyo, kwenye maandishi, kwenye usaili, na daima katika "If I were you", shika "were". Haikugharimu kitu.

Sasa jambo tamu. Kuchagua kati ya hatua ya 4 na ya 5 si suala la sarufi peke yake, ni suala la unachokiamini. Linganisha:

"If they offer me the job, I'll take it."

"If they offered me the job, I'd take it."

Zote ni za kesho. Wa kwanza ana matumaini. Labda ameshaitwa usaili. Wa pili anaongea kama mtu anayeota. Msikilizaji anasikia tofauti hiyo moja kwa moja, kwa hiyo ukimwambia meneja "If you gave me that project, I would finish it by June", umejiweka mbali kidogo, kwa unyenyekevu. Ukisema "If you give me that project, I'll finish it by June", umeahidi.

Na lile swali la usaili, "What would you do if a customer shouted at you?", linajibiwa kwa "would" ile ile iliyoulizia: "First, I'd listen. Then I'd apologise and ask what happened." Huna haja ya kurudia sehemu ya "if", mwulizaji ameshaiweka mezani. Ukijibu "I will listen", utaeleweka, ila utasikika kama mtu ambaye mteja anamsubiri mlangoni.

Hatua ya 6. Lililopita: rudi nyuma hatua nyingine

Kwa c), S inavaa "had" na umbo la tatu la kitenzi. M inavaa "would have" na umbo la tatu.

"If I had known, I wouldn't have come." Yule wa harusini.

"If you had told me, I would have waited." Ungeniambia ningesubiri.

"If we'd left at five, we wouldn't have missed the ferry." Tungeondoka saa kumi na moja tusingekosa kivuko.

Makosa yanayorudi hapa ni mawili. La kwanza ni umbo la pili mahali pa la tatu: "would have went", "would have came", "had knew". Orodha yako ya vitenzi ipo kwa ajili hiyo. La pili ni kusahau "had" na "have", ukabaki na "If you told me, I would wait". Sentensi hiyo ni safi kabisa, ila umehama kutoka c) kwenda b), na msikilizaji ataelewa kwamba bado ana nafasi ya kukuambia.

Kuna fungu moja la maneno utakalolihitaji sana, kwa sababu sisi wenyewe tunalitumia sana: "isingekuwa wewe". Kwa jambo lililopita ni "If it hadn't been for you", kwa mfano "If it hadn't been for you, I'd have missed my flight". Kwenye maongezi wengi wanasema "If it wasn't for you" hata kwa yaliyopita. Lishike hivyo lilivyo, usijaribu kulifumua neno kwa neno.

Hatua ya 7. Ruhusu pande mbili ziwe na saa tofauti

Sharti linaweza kuwa la zamani na matokeo yakawa ya leo: "If I'd taken that job, I'd be living in Mwanza now." S ni c), kwa hiyo "had taken". M ni b), kwa hiyo "would be". Kila upande pima kivyake. Ukiona neno "now" kwenye M, achana na "would have" yenye umbo la tatu.

Hatua ya 8. Punguza au ongeza uhakika

"Would" inasema matokeo yangetokea bila shaka. Mara nyingi hatuna uhakika huo. Badilisha neno moja tu:

"If you asked him, he might help." Ungemwomba, huenda angekusaidia.

"If we had a car, we could go on Saturday." Tungekuwa na gari, tungeweza kwenda Jumamosi.

"They could have won if the keeper hadn't slipped." Wangeweza kushinda kama kipa asingeteleza.

Wenye lugha wanapenda sana "might" kwenye ushauri, kwani haimsukumi mtu.

Hatua ya 9. Fupisha, na ujifunze kusikia kilichofupishwa

Katika maongezi "I would" ni "I'd", na "I had" nayo ni "I'd". Hapo ndipo watu wanapotea. Usiangalie "I'd" yenyewe, angalia kitenzi kinachofuata:

- Kitenzi kitupu: ni "would". "I'd go", "she'd call".
- Umbo la tatu: ni "had". "If I'd gone", "if she'd called".
- "Better": ni "had" pia. "I'd better go" maana yake "bora niondoke".

"Would have" inakuwa "would've", na ikitamkwa haraka inasikika karibu na "wudavu", huku u ya mwisho ikimezwa. Ndiyo maana hata wazawa wa Uingereza na Marekani huandika "would of" na "should of". Ni kosa la tahajia, tena linachekwa. Wewe usiliige kwa kuwa umeliona limeandikwa na Mmarekani.

Kwa masikio: chukua kipande cha maongezi yoyote ya Kiingereza cha kawaida, dakika moja inatosha, ukisikilize mara kadhaa ukiandika kila "'d" unayoisikia. Mwanzoni utasikia chache. Herufi hiyo ni ndogo, lakini ndiyo inayobeba umbali wote tunaouzungumzia hapa.

Hatua ya 10. Tumia umbali kama adabu

Kiswahili kina "naomba", "tafadhali", "shikamoo", "samahani", na kina sauti ya kunyenyekea. Kiingereza kina vitu vichache vya namna hiyo, kwa hiyo adabu yake kubwa imejificha kwenye kitenzi. Kurudi nyuma hatua moja kunampa mtu nafasi ya kukataa bila aibu. Ndiyo maana utasikia "would" nyingi ambazo hazina "if" yoyote karibu.

Badala ya "I want tea", sema "I'd like some tea, please". "Give me the bill" ni ukali, sema "Could I have the bill, please?" Ukimkaribisha mgeni, uliza "Would you like some tea?" Ukiuliza "Do you like tea?" umemuuliza tabia yake, naye anaweza kujibu ndiyo akabaki na kiu.

Kwenye barua pepe ya kazini: "It would be great if you could send the report by Friday." Au: "I'd appreciate it if you could call me back." Na ile inayowashangaza wengi, "I was wondering if you could help me". Yule mtu anawaza sasa hivi, si jana. Kitenzi kimerudi nyuma kwa heshima tu.

Tahadhari kubwa ni "Would you mind". "Would you mind opening the window?" maana yake ni "je, itakukera ukifungua dirisha?" Ukikubali, unajibu "No, not at all" au "Sure". Ukijibu "Yes" kwa moyo mweupe, umesema itakukera. Watu wengi wa kwetu wameonekana wagumu kwa "yes" hiyo moja. Na angalia hatua moja nyuma hapa pia: "Do you mind if I sit here?", lakini "Would you mind if I sat here?"

Hatua ya 11. Jifunze kuacha nusu

Katika maongezi halisi, sentensi kamili ya S na M si ya mara kwa mara kama vitabu vinavyoonyesha. Nusu moja inaachwa hewani, nasi tunafanya vivyo hivyo. "Ungeniambia!" tunasema, tukinuna, bila kumalizia. Kwa lawama ya namna hiyo Kiingereza kinatumia "should have" au "could have": "You should've told me!" Ukisema "You would tell me!" hakuna atakayejua unalaumu nini.

Nusu nyingine za kuzikariri:

"I wouldn't do that." Ni onyo. "If I were you" imemezwa. Maana yake: usifanye hivyo.

"I would if I could." Ningeweza ningefanya, namna laini ya kukataa.

"If you'd like to have a seat." Mtu wa mapokezi akikuambia hivi, usisubiri amalizie. Anasema keti. Hapa "'d" ni "would" ya adabu, ndiyo maana imeruhusiwa baada ya "if".

"If only I'd listened." Laiti ningesikiliza.

Hiyo "laiti" yetu ina sura mbili huko: "if only" na "I wish". Zote zinafuata kipimo kile kile cha umbali. "I wish I had a car" ni ya sasa, natamani ningekuwa na gari. "I wish I had bought it" ni ya zamani, natamani ningelinunua. "I wish I would have a car" ni ile -nge- yetu tena, imepenya kupitia dirishani.

Hatua ya 12. Rekodi, halafu jisahihishe

Chukua zile sentensi kumi. Zote sasa zina S, M na herufi a, b au c. Ziseme kwa Kiingereza kwenye simu, bila kusoma, kwa kasi ya kawaida. Sikiliza ukiwa na daftari. Usijihukumu kwa lafudhi. Tafuta kitu kimoja tu: kuna "will" au "would" iliyoingia upande wa S? Ukimaliza hiyo, rudia ukitafuta umbo la tatu. Kutafuta makosa yote kwa pamoja kunachosha, na mtu aliyechoka hurudi kwenye -nge- mbili.

Ukikwama

*Nimemsikia Mmarekani akisema "If I would have known". Mbona wewe unakataza?* Umesikia sawasawa. Wamarekani wengi huongea hivyo, hasa kwa mambo yaliyopita. Walimu wao wanaikataa na kwenye maandishi inahesabiwa kosa. Yeye akiisema, watu watapita nayo. Wewe ukiisema, wataona hujui. Si haki, lakini ndivyo masikio ya watu yalivyo.

*Nimeona "if" ikifuatwa na "will".* Ipo, hasa mahali pawili. Kwanza pale "if" inapomaanisha "kama" ya kutojua: "I don't know if he'll come", sijui kama atakuja. Hiyo si sharti kabisa. Ijaribu kwa kuweka "whether" mahali pake, na ikikubali, "will" inaruhusiwa. Pili pale "will" inapomaanisha kukubali: "If you'll wait here, I'll get the manager", yaani ukiwa radhi kusubiri.

*Kuna "would" isiyo na sharti wala adabu.* Inaweza kuwa ya mazoea ya zamani: "When we were kids, we'd swim every evening", tulikuwa tukiogelea kila jioni. Au ya kusimulia maneno ya mtu: "She said she'd come", alisema atakuja. Kiswahili kinaacha -ta- pale pale. Kiingereza kinaigeuza "will" kuwa "would" kwa kuwa maneno yameshasemwa.

*Barua ya ofisi imeandika "Should you have any questions" na "Had I known".* "If" imeondolewa na kitenzi kisaidizi kimehamia mbele. Maana ni "If you have any questions" na "If I had known". Ni mtindo wa maandishi rasmi. Usome, uuelewe, uutumie kwenye barua ukipenda. Sokoni au kwenye chai ya saa nne utasikika kama tangazo la benki.

*"If I had had time". Hizo "had" mbili ni kosa la uchapaji?* Hapana. Ya kwanza ndiyo inayorudisha wakati nyuma, ya pili ni kitenzi "have" katika umbo lake la tatu. Kwenye mazungumzo ya kwanza inafupishwa, unasikia "If I'd had time, I would've called", na haikwaruzi tena sikio.